Asubuhi ya mchimbaji: ari isiyongoja dhahabu

Makongolosi, wilayani Chunya, wengi hutegemea dhahabu na tumbaku. Mkulima husubiri miezi kabla ya kulipwa. Mchimbaji mdogo anaweza kuchimba wiki nzima bila kupata kitu. Ari inayotegemea mapato huisha mapema. Inayodumu hujengwa kwa mazoea.

Mwaka 2009 watafiti wa University College London, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96, kila mmoja akirudia jambo moja dogo kila siku. Kwa wastani jambo hilo lilichukua siku 66 kuwa mazoea. Tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Uanzeje? Chagua jambo moja, ulifuatanishe na lile unalofanya tayari kila asubuhi. Ukimaliza chai, andika kwenye daftari matumizi ya jana. Ukifika shimoni, kabla ya kushuka, kagua kamba, nyufa na miti inayozuia kuta. Siku umechoka na huna hamu, zoea hilo laweza kuokoa maisha yako.

Ukikosa leo, endelea kesho.