Mchwa, Simba na Mataruma ya Reli ya Uganda

Wengi wanaoandika kuhusu Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, hukimbilia simba wawili wa Tsavo waliouawa na Patterson Desemba 1898. Kwa maoni yangu, mchwa aliacha alama kubwa zaidi.

Njia ya reli haina budi kulala sawasawa. Taruma la mbao hunyonya maji wakati wa masika, hukauka kiangazi, tena si kwa kiasi kimoja pande zote. Ndipo hupinda au kupasuka. Likipinda, upana wa mita 1 kati ya vyuma viwili hubadilika, na gari moshi huweza kuacha njia. Mchwa naye hulila kutoka chini, pasipoonekana. Kwa hiyo yalitumika sana mataruma ya chuma: bamba lililokunjwa kingo kuelekea chini, kama karai lililofudikizwa, ili lishike kokoto lisisogee.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Mto Nile kujengwa Jinja. Msitu wa Mabira hauko mbali na njia hiyo, lakini chuma kililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mkoloni hakuwa na uhaba wa miti. Alikosa mti ambao angeuamini.

Mchwa hakukiweza chuma. Wezi wa chuma chakavu wamekiweza, na katika ukarabati wa siku hizi mataruma ya zege yanachukua nafasi yake.