Bakteria Aliyefanya Maskani Kifuani

Katika mwaka wa 1882, mtaalamu wa dawa wa Kifaransa, Carle Gessard, alichunguza vitambaa vya vidonda vilivyogeuka rangi kuwa kijani na buluu. Akatambua kwamba rangi ile yatoka kwa bakteria, ambaye leo huitwa Pseudomonas aeruginosa. Makao yake ni majini na udongoni; bila shaka, msomaji, umekwisha kumkanyaga mara nyingi pasipo kudhurika. Lakini wako watu ambao kwao yeye ni adui wa maisha yote.

Hao ni wale waliozaliwa na ugonjwa wa urithi uitwao sistiki fibrosisi, ambao huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Dorothy Andersen, daktari wa New York, aliueleza kinaganaga mwaka wa 1938, baada ya kuchunguza maiti za watoto. Siku zile wengi wa watoto hao walikufa kabla ya umri wa kwenda shule. Jeni yenye kasoro ilipatikana mwaka wa 1989. Kasoro hiyo huzuia chumvi na maji kupita sawasawa katika seli za mapafu, hata belghamu ikawa nzito kama gundi, na bakteria aingiaye hapati wa kumfukuza.

Basi mgeni huyu hufanya nini? Aingiapo ni mwepesi, ana mkia wa kuogelea, na hutoa sumu kali. Miaka ikipita huziacha silaha zake moja moja. Mara nyingi mkia hupotea, sumu hupungua, naye hujifunika utelezi mzito ambao chembe nyeupe za damu na dawa huupenya kwa shida. Usidhani kwamba ana akili wala shauri. Kila azaapo, makosa madogo huweza kuingia katika urithi wake, na yule ambaye kosa lake lamfaa mahali pale ndiye abakiye na kuongezeka. Mwaka wa 2006 wataalamu wa Marekani walilinganisha bakteria wa mgonjwa mmoja: waliochukuliwa alipokuwa na miezi sita tangu kuzaliwa, na waliochukuliwa alipotimiza miaka minane. Walikuwa wa ukoo ule ule, lakini urithi wao ulikuwa umebadilika mahali 68.

Madaktari wa Copenhagen walikuwa wameanza zamani kupima belghamu za wagonjwa wao kila mwezi. Katika miaka ya 1980 waliwatenga wenye bakteria huyo na wasio naye, hata kama walikuwa marafiki. Jambo gumu hilo kwa mtoto. Tena hawakungoja mgonjwa azidiwe: walipomwona bakteria mara ya kwanza tu, walitoa dawa, angali mwepesi. Mwaka wa 2019 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa tatu zinazosaidia kazi ya jeni ile, na wengi wautumiao hupumua vizuri zaidi. Hata hivyo, bakteria aliyekwisha kukaa kifuani miaka mingi hupungua tu. Mara nyingi hatoki.