Kutoka Tembo la Mnazi Hadi Tamasha la Bia: Buguruni na Jirani Zake Katika Historia ya Pombe Dar es Salaam

Buguruni imezungukwa na viwanda vya pombe. Ukitokea Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru, unapita kwanza Mchikichini, kilipo kiwanda cha Bia Tanzania, TBL. Unaendelea Ilala, Amana na Malapa hadi kwenye taa za Buguruni, pale Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela. Ukikatiza upande wa Temeke, haupiti muda umefika Chang'ombe, wanakotengeneza bia ya Serengeti na ile pombe kali inayojulikana nchi nzima, Konyagi. Katikati ya viwanda hivyo kuna baa, grosari na vilabu vya pombe za asili visivyohesabika, na pembeni yake misikiti, makanisa na nyumba za watu ambao hawajawahi kuonja pombe maishani mwao.

Matamasha ya bia na nyama choma sasa yamekuwa sehemu ya kalenda ya mji. Baa hupanga meza, kampuni husimamisha mahema, bendi hupanda jukwaani. Lakini tukiyatazama kwa jicho la historia, kuna kiti kimoja kinachobaki wazi. Ni kiti cha mpika pombe wa mtaani, ambaye kazi yake ilitangulia viwanda vyote hivi, na makala hii inamtetea yeye.

Mji wa minazi

Kabla ya kumezwa na mji, Buguruni ilikuwa sehemu ya vijiji vya Wazaramo na Washomvi vilivyoizunguka Dar es Salaam, na katika vijiji hivyo mnazi ulikuwa mali. Uliwapa watu nazi, makuti, mbao na tembo. Mgema alipanda asubuhi na jioni, akalikata kwa kisu kikali kole ambalo halijafunguka, akalitundikia kibuyu na kukusanya utomvu. Utomvu wa asubuhi ni mtamu na watoto waliunywa. Ukikaa mpaka jioni unakuwa umeshachacha wenyewe, na ukilala unakuwa mkali. Methali yetu ya mgema akisifiwa ilizaliwa katika kazi hii, na inathibitisha kwamba hata wakati huo wanywaji walijua kutofautisha tembo safi na lililotiwa maji.

Tembo halikuwa la starehe peke yake. Lilitumika kwenye matambiko, kwenye ngoma na kwenye kazi za ushirika shambani. Mahali pengi Tanganyika, pombe ya kwanza baada ya mavuno ilikuwa sherehe ya kijiji kizima, ambapo kila kaya iliyopika ilileta chungu chake na wazee wakaonja. Kwa maneno ya leo, lile lilikuwa tamasha la bia.

Chupa na kilabu

Bia ya kiwandani ililetwa na wakoloni. Enzi za Wajerumani Dar es Salaam ilikuwa na kiwanda cha bia cha Schultz, kilichowahudumia zaidi Wazungu. Chini ya Waingereza, mwaka 1933 ilianzishwa kampuni ya Tanganyika Breweries hapahapa Dar es Salaam. Haikukaa peke yake muda mrefu. Kenya Breweries, iliyokuwa imeanzishwa Nairobi mwaka 1922, iliinunua katikati ya muongo huo, na mwaka 1936 kampuni hiyo ikachukua jina la East African Breweries.

Mwafrika hakukaribishwa kwenye bia hiyo. Kwa miongo mingi ya ukoloni sheria zilimzuia kunywa pombe kali, na bia ya chupa aliipata kwa masharti. Vizuizi vililegezwa taratibu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kinywaji alichoachiwa kilikuwa pombe ya asili, nacho kilitiwa mkononi mwa serikali. Kariakoo ilikuwa na soko la pombe chini ya usimamizi wa mji, ambako wanawake walikuja kuuza walichopika na mamlaka zikakusanya ada. Aliyepikia nyumbani bila kibali alijiweka katika hatari ya kukamatwa, kumwagiwa pombe yake na kutozwa faini.

Wanawake hao wanastahili kukumbukwa. Wengi walikuwa wajane, walioachika, au waliokuja mjini peke yao katika zama ambazo ajira za mshahara ziligawiwa wanaume. Chungu cha pombe kiliwalipia kodi ya chumba, kikasomesha watoto, na kwa wengine kikajenga nyumba. Mji ulipotanuka kutoka Kariakoo kwenda Ilala, na kutoka Ilala kwenda Buguruni, Temeke na Kinondoni, walihama nao.

Kiwanda cha taifa, ukumbi wa dansi

Baada ya Muungano kiwanda cha Tanganyika Breweries kilibadilisha jina na kuwa Tanzania Breweries, yaani TBL. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha, kilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo serikali ilitwaa hisa zake. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Vileo ya 1968, iliyoweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza. Bia ya Safari iliingia sokoni mwaka 1977 na ikawa kinywaji cha kizazi kizima cha wafanyakazi.

Huo ndio wakati baa za Dar es Salaam zilipofungamana na muziki wa dansi. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi za umma. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilikuja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala na makao yake yalikuwa Kinondoni. Mtu wa Buguruni aliyepokea mshahara Ijumaa alikuwa na pa kwenda. Kiingilio kilimlipa mwanamuziki, bia ikamlipa mwenye ukumbi, na mishikaki ikamlipa kijana aliyesimama na jiko la mkaa mlangoni.

Kisha ukaja uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bia iliadimika kama sukari na sabuni zilivyoadimika. Kreti ziligawiwa kwa mgao, na mwenye baa asiyefahamiana na mtu kiwandani aliuza soda, au hakuuza kitu. Hapo mpika pombe wa mtaani akaokoa jahazi. Komoni, wanzuki, kangara na mbege zilijaza pengo lililoachwa na chupa. Gongo nayo ilijipenyeza, ikaleta madhara yake, na madhara hayo yakatia doa jina la kila kinywaji kilichopikwa nyumbani.

Milango inafunguliwa

Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya TBL kwa Indol International, kampuni tanzu ya South African Breweries. Mitambo mipya ilifungwa, bia ya Kilimanjaro ikazinduliwa mwaka 1996, na mwaka 1998 hisa za TBL ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Leo kampuni hiyo iko chini ya AB InBev, iliyoinunua SABMiller, mrithi wa South African Breweries, mwaka 2016. Kwa upande wa Chang'ombe, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1988 kwa jina la Associated Breweries ilikuja kuitwa Serengeti Breweries mwaka 2002, na mwaka 2010 East African Breweries ikanunua asilimia 51 ya hisa zake.

Mtaani, mageuzi hayo yalionekana kwa mafriji yenye nembo, viti vya plastiki vya rangi ya kampuni na kuta zilizopakwa matangazo. Buguruni ilijaa baa, na jina la mojawapo, Kimboka, likajulikana mbali na mtaa wenyewe. Machinjio ya Vingunguti yako karibu, kwa hiyo nyama haikukosekana. Baa ikawa mahali pa supu asubuhi, mpira jioni na choma usiku.

Kampuni nazo zikagundua kwamba ushindani wa baa kwa baa unauza bia kuliko bango. TBL iliendesha mashindano ya nyama choma ya Safari, ambayo baa za mikoa mbalimbali zilipimana ufundi wa kuchoma mbele ya majaji, pamoja na mashindano ya mchezo wa pool yenye klabu zilizozaliwa ndani ya baa. Kwa mara ya kwanza mchoma nyama wa mtaani alipata jukwaa na zawadi kwa ujuzi wake. Mpika pombe hakupata.

Kwenye pipa la komoni

Ujuzi unaoachwa nje ya hema unastahili kutazamwa kwa karibu. Komoni ilikuja Dar es Salaam na watu wa nyanda za juu kusini. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto wa kuni, ukigeuzwageuzwa kwa koleo mpaka uwe wa kahawia na harufu yake ifike kwa jirani. Hapo huingia kwenye pipa, hutiwa maji na kuchemshwa. Ukishapoa huongezwa kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa mpaka ukatoa vimizizi, ukaanikwa juani na kusagwa.

Kila kitu kinategemea kimea. Ndicho kinachogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, na chachu huigeuza sukari kuwa kilevi. Ulezi usipoota sawasawa pombe haiivi, na ukivunda wakati wa kuotesha huiharibu yote. Mpikaji hana kipimajoto. Huchovya kidole, husikiliza povu, hunusa. Pombe ikishafoka huchujwa na kunywewa siku hiyo au kesho yake, kwa sababu haijui kusubiri. Kule Mchikichini kinachofanyika kwa shayiri ni jambo lilelile, tofauti ni matangi ya chuma na maabara.

Mbege ya Wachaga ina ufundi wake. Ndizi mbivu hupikwa kwa muda mrefu na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye gome la mti wa msesewe. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Ukipanga vinywaji hivi mezani, kimoja kimoja na maelezo yake, umeipanga ramani ya Tanzania.

Wengine wamefanyaje

Tamasha mama la bia duniani, Oktoberfest ya Munich, lilianza mwaka 1810 kama sherehe ya harusi ya mwana wa mfalme. Hadi leo bia inayouzwa pale hutoka viwanda sita vya Munich yenyewe, na bia iliyotengenezwa nje ya mji huo haipewi nafasi. Nchini Uingereza, mwaka 1971 wanywaji walianzisha chama cha CAMRA kwa sababu bia zao za asili zilikuwa zinamezwa na makampuni makubwa, na tamasha lao la taifa, lililoanza mwaka 1977, likawa chombo cha kuzilinda. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Tanzania imeridhia mkataba unaohusika tangu mwaka 2011, kwa hiyo njia hiyo iko wazi kwetu pia.

Karibu na nyumbani, Uganda katika miaka ya 1960 iliwapa wapika enguli, pombe kali ya kienyeji, leseni ya kuiuzia serikali, na kutokana nayo ikatengenezwa Waragi ya kiwandani. Kenya iliondoa marufuku ya chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010 na kuweka masharti ya ubora na ufungashaji. Kwetu, kampuni ya Banana Investments ya Arusha imeonyesha kwamba ndizi inaweza kuingia kwenye chupa yenye lebo, ikauzwa kihalali na kulipa kodi. Hapa Dar es Salaam kimeibuka kiwanda kidogo cha Crafty Dee's, kinachotengeneza bia kwa mapishi yake chenyewe. Tunakipongeza. Lakini ni haki kusema kwamba mwanamke wa Buguruni anayepika pipa moja kwa wiki naye ana kiwanda kidogo, na alianza zamani.

Usalama kwanza

Hatutetei ulevi. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, vilipopigwa marufuku mwezi Machi 2017, wazazi wengi walishukuru, kwa kuwa vilikuwa vimefika mpaka mifukoni mwa wanafunzi. Gongo imepofusha watu na imeua. Kelele za baa usiku ni kero kwa mgonjwa na kwa anayeswali. Lakini madhara hayo hayaondoki kwa kumfukuza mpikaji uchochoroni. Huko hakuna anayekagua maji yake, pipa lake wala kiwango cha kilevi. Akipewa nafasi mbele ya watu, anakagulika.

Kwa hiyo wanaoandaa matamasha ya bia kwenye viwanja vya Leaders, Kinondoni, na kwingineko, watenge meza kwa wapika pombe za asili kutoka Buguruni, Temeke, Vingunguti na Manzese, bila kuwatoza ada ya kampuni kubwa. Shirika la Viwango na shirika la viwanda vidogo, SIDO, wawafikie kabla ya siku hiyo, wawafunze usafi na vipimo, na wanaofuzu wapewe cheti. Makumbusho ya Taifa iandike mapishi haya wakati wanaoyajua bado wako hai. Baa zilizoko mtaani ziwe na moyo wa kuuza angalau kinywaji kimoja cha asili kilichothibitishwa. Nawe msomaji, ukienda kwenye tamasha lijalo, muulize mwandaaji swali moja kwa heshima: mama wa komoni amepangiwa meza ipi?