Sumu ya Nyoka na Baridi Yabisi

Maradhi ya viungo tuyaitayo baridi yabisi yamebeba historia katika jina lake. Maneno hayo mawili ni ya Kiarabu, na maana yake ni baridi na ukavu. Ni mabaki ya elimu ya utabibu ambayo Waarabu waliipokea kwa Wayunani, iliyofundisha kwamba mwili wa mwanadamu huendeshwa na vioevu vinne, yaani damu, belghamu, safura na sauda, na kwamba kila kimoja kina tabia yake ya joto au baridi, ya unyevu au ukavu. Baridi pamoja na ukavu ni tabia ya sauda. Belghamu na safura zingali midomoni mwetu, ingawa safura imehamia kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Sauda haisikiki sana, bali yaelekea kuwa tabia zake mbili ndizo zilizosalia kuwa jina la maumivu ya magoti na vidole. Wazungu nao hawakuwa mbali, kwani neno lao rumatizimu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kana kwamba kioevu kibaya kimeteremka kikatua katika viungo.

Katika utabibu huo wa kale nyoka alikuwamo. Andromachus, tabibu wa Kaisari Nero katika karne ya kwanza, alitia nyama ya nyoka katika ile dawa mashuhuri ambayo Waarabu waliiita tiryaq. Lakini iangaliwe kwamba ilikuwa nyama, si sumu; kichwa na mkia vilikatwa vikatupwa. Kumpa mgonjwa sumu yenyewe, tena kwa kipimo cha maabara, ni jambo la karne ya ishirini.

Albert Calmette, bingwa wa Kifaransa aliyekwisha kupata sifa tangu 1894 kwa dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, mwaka 1933 alitangaza pamoja na wenzake majaribio ya sumu ya fira juu ya saratani katika panya. Miaka mitatu baadaye David Macht, wa Baltimore huko Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya sumu hiyohiyo kama kitulizo cha maumivu. Alipima dozi kwa kiasi kinachotosha kumwua panya mmoja, kisha akawapa wagonjwa sehemu iliyo salama. Aliona kwamba haianzi kazi upesi kama mofini, bali hudumu zaidi. Haukupita muda mrefu wenye baridi yabisi nao wakajaribiwa.

Hapa lugha yetu yatupasa tahadhari. Neno dawa hatulitofautishi: litulizalo ni dawa, na liponyalo ni dawa. Macht alisema juu ya kutuliza; mgonjwa asiyeweza kufumba kiganja chake alfajiri husikia kuponya. Tena baridi yabisi si ugonjwa mmoja. Kuna ule ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, na kuna ule wa gegedu kulika kwa umri na kazi. Asiyetenganisha hayo mawili hawezi kujua ni nani aliyepata nafuu, wala kwa sababu gani.

Jambo hilo lilidhihirika Miami. Bill Haast, aliyekamua nyoka mbele ya watazamaji na kuumwa mara zaidi ya 170 katika maisha yake, alichanganya sumu za nyoka kadhaa, naye daktari mmoja wa mji huo akawapa wagonjwa wengi mchanganyiko huo katika miaka ya 1970. Wako walioapa kwamba wamesimama tena. Mwaka 1980 serikali ya Marekani iliizuia, kwa kuwa haikuwa imepimwa kwa taratibu zitakiwazo. Wagonjwa walilalamika sana, na mimi siwalaumu. Lakini ushahidi wa aliyepata nafuu hauonyeshi ni wangapi hawakuipata.

Ajabu ni kwamba habari iliyo thabiti zaidi imetoka kwa nyoka tumjuaye sana Afrika ya Mashariki, yaani koboko. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa walitangaza katika jarida la Nature kwamba wametenga kutoka sumu yake protini ndogo, kila moja yenye asidi amino 57, wakaziita mambalgini. Hizo hufunga vilango katika utando wa seli za neva, vilango ambavyo hufunguka mahali penye asidi. Na kiungo kilichovimba huwa na asidi zaidi kuliko kilicho kizima. Katika panya zilituliza maumivu kwa nguvu iliyolingana na ya mofini, pasipo kudhoofisha pumzi. Waandishi wenyewe waliziita kitulizo. Hawakudai kwamba zaponya kiungo.