Foleni ya Malaba

Januari 2022, malori yalisimama. Kwenye vituo vya mpaka wa Uganda na Kenya, Malaba, wilayani Tororo, na Busia, kusini yake, injini zilizimwa, na mkia wa foleni ukaingia makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Petroli ikaadimika Uganda. Mahali pengine lita moja ilifika shilingi 10,000 za huko. Madereva walikuwa wamegoma kulipa dola 30 za kupimwa korona.

Ilikuwa rahisi kuwaita wakaidi. Lakini ni madereva hao hao waliokuwa wakipimwa mpakani tangu Aprili 2020.

Uganda ilifunga mipaka yake Machi 2020, siku zile zile mgonjwa wa kwanza alipotangazwa, ikiruhusu mizigo pekee. Bodaboda zilikatazwa kubeba abiria. Busia amri hiyo iliuma kipekee: inasimuliwa kwamba jina lenyewe lilizaliwa hapo miaka ya 1960, baiskeli zilipovusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili. Kwa mtu ambaye mjomba wake yuko ng'ambo, njia ya panya ni njia ya nyumbani, na hakuna askari wa kutosha kuilinda yote.

Madereva ndio waliobeba mzigo mzito zaidi. Mwanzoni walichukuliwa sampuli, wakaendelea na safari. Majibu yalipotoka, aliyeambukizwa alikuwa ameshafika mbali, akatafutwa na kuteremshwa njiani. Wenyeji wakaanza kuwaogopa kama ugonjwa wenyewe. Kuanzia Mei ikabidi wangoje majibu mpakani. Sampuli zilikuwa zikisafirishwa hadi Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi, na dereva akalala siku kadhaa chini ya lori lake. Mwezi huo huo Uganda iliwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya wagonjwa. Hata hivyo walipanga foleni, wakapimwa, wakapita.

Kilichowachosha, kufikia Januari 2022, ni kupimwa Kenya, kupewa cheti, kisha kufika Uganda na kuambiwa wapimwe tena, safari hii kwa pesa. Dereva akauliza swali la haki: kama cheti ni cha kweli, dola 30 ni za nini? Hakupata jibu la kumridhisha, akazima injini.

Siku zikapita, vituo vya mafuta vikakauka, na serikali ya Uganda ikaifuta ada. Malori yakaanza kusogea, moja moja, kuelekea mjini Tororo.