Tumbo likikosa damu: masaa ya kwanza ndiyo yanaokoa

Matumbo yanatumika usiku na mchana, na kazi hiyo inaomba damu mingi. Mutu akiwa amepumzika, karibu sehemu moja kati ya tano ya damu inayosukumwa na moyo inapita kwenye tumbo la chakula, matumbo na viungo vya karibu. Akiisha kula, inaongezeka.

Damu inafika kwa njia tatu. Zote zinatoka kwenye aorta, ule mushipa mukubwa unaoshuka toka moyoni mbele ya uti wa mgongo. Njia ya kwanza inalisha tumbo la chakula, ini na mwanzo wa matumbo. Ya pili inalisha karibu utumbo mwembamba wote na nusu ya utumbo munene. Ya tatu inalisha sehemu ya mwisho. Mwenye amekwisha kuchinja mbuzi anajua ile ngozi nyembamba ya mafuta inayoshika matumbo: mishipa inapita ndani yake. Matumbo yakijizungusha, ngozi hiyo inajisonga sawa kamba, na damu inakatika.

Njia hizo zinasaidiana, lakini mahali zinapokutana ni pazaifu. Pamoja ni pale utumbo munene unapokunja kona upande wa kushoto, chini ya mbavu. Damu ikipunguka, pale panaumia haraka.

Tena, mwili ukipoteza damu ao maji mengi, unalinda kwanza moyo na ubongo. Matumbo yanapunguziwa. Ni vile inaweza kutokea kwa mugonjwa wa kolera aliyekaukiwa, mama anayetokwa damu nyingi kisha kuzaa, ao mutu aliyepigwa risasi. Ngozi ya ndani ya utumbo ndiyo inakufa kwanza, na mikrobe inapata njia ya kuingia katika damu.

Sababu zingine ni ngiri iliyokwama, utumbo uliojizungusha, na damu iliyoganda ikaziba mushipa, zaidi kwa wazee wenye ugonjwa wa moyo. Kwa watoto wachanga, sehemu moja ya utumbo inaweza kuingia ndani ya ingine.

Damu ikikatika kabisa, utumbo unaweza kuoza katika masaa karibu 6. Kisha hapo, muganga anabakia na njia moja tu: kukata sehemu iliyokufa.

Alama za kuangalia:
- maumivu makali ya gafula, hata kama tumbo bado ni laini ukiligusa;
- tumbo kuvimba, kutapika, kukosa choo na hewa;
- ngiri iliyokuwa inarudi, sasa imekuwa ngumu na inauma;
- choo chenye damu. Mutoto mudogo anayelia, ananyamaza, kisha analia tena.

Mugonjwa wa namna hiyo asipewe dawa ya kuharisha, wala dawa ya majani ya kuingiza kwa haja kubwa: utumbo uliozaifika unaweza kutoboka. Ngiri iliyokwama isisukumwe kwa nguvu. Asile kitu mbele ya kupimwa, maana pengine atapasuliwa. Apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye muganga wa kupasua, hata kama ni usiku.

Mwenye kuhara sana ni tofauti: yeye anapashwa kunywa maji ya chumvi na sukari toka mwanzo, njiani pia, ili damu yake isipunguke.