Mti Mkubwa, Panga na Msumeno wa Mnyororo

[Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia chombo ambacho wengi wetu hukisikia kabla ya kukiona. Kuna wanaokiita msumeno wa mnyororo, wengine msumeno wa moto, wengine pawaso, na ndugu zetu wa Kongo husema tronsonezi. Kikilia upande wa pili wa kilima, kila mtu anajua kuna mti mkubwa unaanguka.

Tuanze na jambo ambalo kila mpishi analijua. Kwa karne nyingi, mti mkubwa haukuwa kuni. Kuni zilikuwa matawi makavu, vichaka, miti midogo inayokatwa kwa panga na kufungwa mzigo. Mti mnene ulikatwa kwa kazi nyingine: mtumbwi, nguzo, mbao. Wapasua mbao walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwenzake chini shimoni, wakavuta msumeno mmoja kutwa nzima huku vumbi la mbao likimwangukia yule wa chini. Hakuna aliyefanya kazi ya namna hiyo ili achemshe maharage.

Hebu tupige hesabu kidogo. Shina lenye unene wa mita 1 na urefu wa mita 10 lina karibu mita 8 za ujazo. Likiwa bichi linaweza kukaribia tani 8. Mzigo ambao mama anabeba kichwani ni kilo 25 hivi. Kwa hiyo mti huo mmoja ni mizigo kama 300. Lakini mwenye panga hawezi kuupata hata mmoja wa mizigo hiyo, ila matawi ya pembeni. Mti mkubwa ulilindwa na unene wake.

Huko Marekani, pwani ya Bahari ya Pasifiki, kulikuwa na miti minene kuliko nyumba zetu. Wakataji walichomeka vibao kwenye shina ili wasimame juu ya sehemu pana ya chini, wakakata kwa shoka na msumeno mrefu wa watu wawili. Mti mmoja uliweza kuwachukua siku kadhaa. Mashine ndiyo iliyobadilisha mambo, na hatua kubwa za kuitengeneza zilifanyika Ujerumani. Mwaka 1926 Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo uliotumia umeme. Mwaka uliofuata Emil Lerp akajaribu wake wa petroli kwenye mlima Dolmar, na jina la mlima likawa jina la mashine. Msidhani zilikuwa kama hizi za leo. Zilikuwa nzito mno, zikihitaji watu wawili kuzishika. Msumeno wa petroli wa mtu mmoja ulitoka kwa Stihl mwaka 1950.

Kulikuwa na tatizo jingine: meno. Minyororo ya mwanzo ilikwaruza mti tu, na ilibidi inolewe kila mara. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, mkata miti aitwaye Joseph Cox alikuwa akipasua kuni. Akasimama, akatazama kisiki kilichojaa buu la mdudu anayekula mti. Buu lile lilikula mbao mbichi bila shida, likienda kulia na kushoto kwa taya zilizopinda. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno ya kuiga taya hizo, moja likielekea kulia na jingine kushoto, akaanza kuuza mwaka 1947. Minyororo mingi ya leo bado inafuata umbo hilo. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba ufundi huo ulitoka kwa buu, tena wakati wa kupasua kuni!

Sasa tuje kwenye urefu. Lile bamba la chuma ambalo mnyororo unalizunguka ndilo linaloamua mti gani uangushwe. Bamba likiwa fupi kuliko unene wa mti, mkataji huzunguka na kukata pande zote. Likiwa refu, sentimita 90 au zaidi, anakata shina nene kwa mkato mmoja. Lakini bamba refu linataka injini kubwa na mafuta mengi, na ncha yake hutokeza upande wa pili wa gogo, mahali mkataji hapaoni. Ncha hiyo ikigusa jiwe au tawi, msumeno hurushwa nyuma kuelekea uso na shingo yake. Vijana mnaochukuliwa kama vibarua kwenye kazi hizi, usisimame karibu na mshika msumeno wala nyuma yake, na usikubali kuushika kwa sababu tu mwenyewe amechoka.

[Muziki mfupi]

Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24 hivi. Julai mwaka huohuo, zaidi ya laki saba walivuka kwenda Goma katika siku chache, na kambi zikaanzishwa kando ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake Afrika. Chakula cha msaada kilikuwa na maharage makavu, na mara nyingine mahindi ambayo hayajasagwa. Wapishi mnajua mahindi hayo yanakula kuni kiasi gani. Tena kipindupindu kilikuwa kinaua maelfu Goma, na maji yalipaswa kuchemshwa. Ilikadiriwa kwamba kuna siku watu hadi 40,000 waliingia hifadhini kutafuta kuni.

Siwezi kusema wakimbizi hawakukata miti. Walikata sana, na vilima viliachwa vitupu. Lakini angalia kila chombo kinakata nini. Panga humaliza kwanza miti michanga, ile ambayo ingekuwa msitu wa kesho. Kisha shoka huchukua ya wastani. Mti mkubwa hubaki peke yake kama mjane, mpaka aje mwenye msumeno na lori. Na mwenye lori, popote alipo, mara chache ni yule anayepika kwa kuni hizo. Petroli, mnyororo na lori vinataka mtaji ambao familia inayongoja mgawo haina. Hata hivyo yule mama mwenye mzigo kichwani ndiye anayeonekana barabarani, na ndiye anayesimamishwa.

Yalijaribiwa mambo mengi baada ya hapo. Dadaab, mwaka 1998, ulianza mradi wa kuleta kuni kwa malori ili wanawake wasitembee mbali na kushambuliwa porini. Ulitumia kuni kavu, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuangusha mti mzima. Mashambulizi wakati wa kutafuta kuni yalipungua kuni zilipokuwapo, lakini hazikutosha mwezi mzima, na wanawake wakarudi porini.

Na Virunga? Kambi zile zilivunjwa Novemba 1996, wengi wakarudi Rwanda. Mkaa, ambao Kongo huitwa makala, uliendelea kutoka msituni kwenda kuuzwa Goma, gunia kwa gunia, lori kwa lori. Julai 2007 gorila wa milimani waliuawa kwa risasi ndani ya hifadhi, na mauaji yao yalihusishwa na biashara hiyo ya makala. Kufikia hapo wengi wa wakimbizi wa 1994 walikuwa wameondoka kwa karibu miaka 11.

[Muziki wa kufungia kipindi]